Siku ya Soko, Simu Ni Yake

Mmeniandikia mkitaka niwaeleze kuhusu kubuni programu, falsafa ya kazi, na namna mtu anavyoweza kujiboresha. Kila nikifika hapo kwenye kujiboresha nacheka kidogo, halafu kicheko kinakauka. Ninyi vijana mnajiboresha sana. Mnaamka alfajiri mkajiboresha, mnakunywa maji ya ndimu mkajiboresha, mnamsikiliza mtu wa mbali akiwafokea masikioni ili mjiboreshe zaidi. Sina neno. Ila mimi nitawasimulia habari za mwanamke mmoja aliyeitwa Rispa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na nikimaliza mtaamua wenyewe kama mna la kuchukua.

Kwa wale msionijua, mimi ni Madam Milka. Niliandika programu za kompyuta Migori mjini tangu wakati ambapo ukimwambia mtu unaandika programu alidhani unapanga shughuli ya harusi. Sasa nimestaafu, nakaa Homa Bay. Jicho la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi huku likilalamika. Majirani hawajawahi kuelewa nilichokuwa nikifanya maisha yangu yote. Wananiita fundi, na redio ikiharibika wananiletea mimi. Niliwahi kutengeneza moja, nikajuta, kwa sababu tangu siku hiyo wanaleta na pasi.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la Bwana Salim, mtu wa pwani aliyekuja kwetu kuuza mabati na misumari. Umeme ukipotea, yeye ndiye aliyekuwa na jenereta, akatupitishia waya dirishani na kutuambia tuandike haraka. Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Ogada. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya upili kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, na chaki hakuiacha. Ulikuwa unaandika programu yako ubaoni kwanza, unamweleza kwa sauti inafanya nini, anakukatiza, unafuta, unaanza tena. Ukishakasirika vya kutosha ndipo anakuruhusu ushike kibodi. Nawashauri mtafute ubao. Kosa ambalo kompyuta inalimeza kimyakimya, mdomo wako utakwama juu yake.

Tena alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa mchana alikusanya vitu vyake, na hakuna aliyeruhusiwa kupeleka mabadiliko yoyote kwenye seva mpaka Jumapili.

"Milka, jua likishatua mimi niko mbele ya Mungu," aliniambia. "Seva ikianguka, ni nani atakuja kuniita huko?"

Miaka mingi baadaye nilikutana na wataalamu wa Nairobi wenye sheria hiyohiyo ya kutogusa programu siku ya Ijumaa. Wao walikuwa wameipata kwenye semina ya hoteli. Nilitamani Ogada angekuwepo acheke nami, lakini alikuwa ameshazikwa.

Kazi kubwa tuliyoifanya pamoja ilikuwa programu ya kuwakumbusha watu siku yao ya kwenda kliniki kuchukua dawa. Dawa gani, mnajua. Huku kwetu ndizo dawa zilizowainua watu ambao ndugu zao walikuwa wameshaanza kuulizia mbao za jeneza. Na mpaka leo ndizo dawa ambazo mtu anaweza kuzificha ndani ya unga.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Haukutaja dawa, haukutaja jina la mtu wala kituo. *Tunakukumbusha siku yako*, kisha tarehe. *Jibu 1 kama utakuja, 2 kama hutaweza.* Mimi nilitaka majibu mengi zaidi: nimesafiri, naumwa, nimehamia kituo kingine. Ogada akakataa. Alichukua simu ya mlinzi wetu, ambayo vitufe vyake vilikuwa vimelika hadi namba hazionekani, akaniwekea mbele.

"Mpe mtu wa simu hii majibu mawili," akasema. "Halafu akijibu, mshukuru. Wewe hukulelewa?"

Basi tukaweka na shukrani. Ukijibu moja, mara hiyo hiyo simu inalia tena: *Asante. Tunakungoja.* Nilikuwa najivunia ujumbe ule. Niliona ni mwepesi na una heshima, na nilipokuwa nafundisha vijana nilikuwa nautoa kama mfano.

Msidhani Ogada hakukosea. Mwanzoni aliamua kwamba namba isiyopatikana kwa muda mrefu ifutwe, ili tusijaze hifadhi yetu na watu wasiokuwepo. Nilikubaliana naye. Siku moja mzee wa Isebania akapanda ngazi zetu kwa fimbo, akasimama mlangoni akihema.

"Ni nani hapa amesema mimi nimekufa?"

Kumbe alikuwa na laini mbili kama watu wengi wa mpakani. Akivuka kwenda Sirare kuuza ng'ombe, laini ya Kenya inatolewa, inafungwa kwenye nailoni, inakaa mfukoni mwa shati mpaka arudi. Safari hiyo alikuwa amekaa sana upande wa pili. Aliporudi kliniki akaambiwa hayumo kwenye kompyuta. Ogada alisimama, akamwomba msamaha mbele yetu sote, akamwagizia chai na mandazi. Mzee alipoondoka, Ogada akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MTU AKINYAMAZA, USIMFUTE. Kuanzia hapo programu yetu haikumfuta mtu kwa sababu ya kimya. Kumtoa mtu ilikuwa lazima karani wa kliniki mwenyewe aseme atoke. Likumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Sasa Rispa.

Kabla hatujatuma hata ujumbe wa kwanza, Ogada alinichukua tukaenda Magunga siku ya soko, tukakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake: usiandikie watu ambao hujawahi kukaa nao chini. Tulikaa kando ya mwanamke mmoja mwenye beseni la omena na mdomo usiochoka, ndiye Rispa. Kwao ni Sori, ziwani. Aliolewa Magunga, akafiwa na mume, akarithiwa na shemeji yake kwa mila. Alituuzia omena kwanza ndipo akakubali tukae karibu.

Asubuhi nzima niliwaona wanawake wakitoa simu kwenye mafundo ya leso. Walipiga, wakapigiwa, wakatumiana hela, wakacheka na watu wasiowaona. Jua lilipoanza kuinama, wanaume walitokea kwenye njia ya kutoka sokoni. Si wote, na wengine walikuja kubeba mizigo tu. Lakini wengi walisimama pale na kunyoosha mkono, na mkononi mwao ikawekwa simu.

"Kwani hiyo simu si yako?" nilimuuliza Rispa.

"Ni yangu siku ya soko," akasema, akiendelea kupanga omena. "Leo customer wananitafuta, kwa hivyo naachiwa. Kesho ni ya boma. Inakuwa na mzee, ama inakuwa na ndugu yake, ama inalala kwa mama mkwe."

"Na mtu akikutumia meseji kesho?"

"Si mimi ametumia. Ametumia wao."

Ogada aliacha kutafuna. Rispa akatutazama, akatazama huku na huku, akashusha sauti. Alituambia yeye pia ni wa kliniki. Mumewe wa kwanza aliondoka na ugonjwa huo. Huyu wa pili alikataa kupimwa, alisema kaka yake aliuawa na chira, laana ya kuvunja mila, na hataki kusikia habari za hospitali katika boma lake. Dawa zake Rispa zilikaa kwenye debe la unga wa mtama ambao yeye peke yake ndiye aliyeupenda. Siku ya kliniki alisema anakwenda chama cha akina mama.

"Mkinikumbusha, nikumbusheni leo," alisema. "Siku ya soko, saa nne hivi, kabla customer wajae. Siku ingine msinikumbuke kabisa."

Ndivyo tulivyoandika. Kila kituo kilipewa siku ya soko lake: Magunga siku yake, Sori siku yake, Isebania siku yake, na masoko mengine madogo ambayo huyakuti kwenye ramani. Likawa jedwali refu na baya, limejaa mambo ya pekee. Soko hili lilihamishwa kwa sababu ya matope, lile hukutana mara mbili kwa juma. Nililichukia kama ninyi mngelichukia. Juu yake nikaandika maelezo kwa Kiswahili ili yeyote ayasome: *Usiondoe jedwali hili. Siku ya soko, simu ni yake. Siku nyingine iko mkononi mwa mtu mwingine.* Rispa alikuwa wa kwanza kutumiwa ujumbe. Alijibu moja, akapata shukrani yake, akatuinulia simu kutoka upande wa pili wa soko huku anacheka.

Ilifanya kazi miaka mingi. Nilikuwa nikipita Magunga nanunua omena nisizozihitaji. Rispa alinitania kwamba nimenenepa kwa mshahara wa kukaa. Hakukosa dawa. Watoto wake walikua. Sikuwa na programu nyingine ambayo niliweza kuitembelea hivyo, nikaona inauza omena na imevaa leso mpya.

Nilipostaafu, kazi ilimwangukia Chacha, kijana wa Isebania niliyemfundisha mwenyewe. Anajua kazi kuliko nilivyojua mimi katika umri wake, na ni mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua, mtaanza kutafuta mhalifu.

Siku moja alinipigia akiwa na furaha ya mtu aliyepita mtihani.

"Madam, ile system yako nimeisafisha. Lile jedwali la masoko nimelitoa lote. Tangu mwaka jana meseji zote zinaenda saa moja jioni, kila kituo, mara moja. Imekuwa nyepesi sana."

"Kwa nini saa moja?"

"Data, Madam. Hiyo saa simu nyingi ziko on. Zamani zingine zilikuwa zinachelewa, zingine zinapotea. Sasa zinafika karibu zote. Wakubwa wamefurahi sana, wanataka tuonyeshe kaunti zingine."

"Zinafika kwa nani?"

"Kwa simu, Madam."

Nikamuuliza kama alisoma maelezo yaliyokuwa juu ya jedwali.

"Nilisoma. Nikaona ni ya zamani. Siku hizi kila mtu ana simu yake."

"Na kliniki wanasemaje? Watu wanakuja?"

"Hiyo si upande wangu. Hiyo iko kwa watu wa afya."

Nilimtukana kwa Kidholuo nikidhani hataelewa, akaelewa. Akasema atarudisha jedwali, lakini sasa mabadiliko yanahitaji idhini ya ofisi ya juu, na ofisi ya juu ndiyo iliyompongeza. Nikamwambia aanze kuomba idhini dakika hiyo.

Hebu fikirieni nilivyokuwa. Namba ya Rispa ninayo, iko kwenye simu yangu mwenyewe, na siwezi kuipiga. Nikiipiga jioni nitakuwa nimefanya kosa lile lile la Chacha kwa sauti yangu. Ikabidi ningoje siku ya soko kama ujumbe wangu. Nilitembea ndani ya nyumba, nikagombana na wajukuu, nikapika nikaacha. Siku ilipofika nilikwenda Magunga asubuhi.

Mahali pa Rispa palikuwa na mwanamke mwingine, anauza nyanya. Nilimuuliza, akanitazama kwanza viatu, halafu uso.

"Wewe ni wa kwao?"

"Ni rafiki yake."

"Alirudishwa kwao Sori. Kitambo. Wanasema simu ndiyo ilimtoa."

Sikungoja aendelee. Barabara kutoka Magunga hadi Sori mnaijua ilivyo, nami kila tulipogonga shimo nilikuwa namtukana Chacha, na Chacha akiisha, ofisi ya juu, na ofisi ya juu ikiisha, sina hakika nilikuwa namtukana nani.

Nilimkuta Rispa ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya mama yake, mgongo ukutani. Sikumtambua mara moja. Leso aliyojifunga ilikuwa imemzunguka mara nyingi mno.

"Madam Milka," akasema. "Umezeeka."

"Na wewe umekonda."

"Mimi niko na sababu."

Alikohoa kwa muda, kisha akanieleza bila haraka. Ujumbe wa kwanza uliingia wakati wanakula. Mume aliusoma, akaendelea kula. Ulipokuja mwingine mwezi uliofuata, akauliza ni siku gani hiyo anayokumbushwa. Rispa akasema ni ya chama. Mume akaishika ile tarehe moyoni, ilipofika akamfuata kwa mbali mpaka lango la kliniki. Alirudi nyumbani kabla yake, akapekua. Rispa alipofika alimkuta amemwaga debe la unga uani, na dawa anazitumbukiza chooni mbele ya watoto.

"Alisema nilimaliza ndugu yake na sasa nimekuja kummaliza. Wakati dawa yangu ndiyo ilikuwa inamlinda asiambukizwe, na hajui." Akafuta mdomo. "Watoto alibaki nao. Simu alinitupia. Alisema niende nayo kwa hao wanaume wangu wa meseji."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kliniki ya hapo Sori kuchukua dawa nyingine.

"Wifi yangu anauza chai kwa gate. Nikiingia, Magunga itajua kabla sijatoka." Kisha akaniuliza kitu ambacho sijakisahau. "Nilitaka kukuuliza, Madam. Mlibadilisha kwa nini? Nilijua lazima kuna sababu, ninyi ni watu wa kufikiria. Nililala hapa nikiitafuta hiyo sababu."

Nilimwambia hakukuwa na sababu. Nilimwambia kijana mmoja aliona programu itakuwa safi zaidi. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei.

Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, mimi na mama yake. Nilimpigia Chacha nikiwa kwenye benchi la wodi. Alikuja kesho yake bila kuambiwa, na shati lake la ofisini, akasimama karibu na kitanda akiwa hajui mikono aiweke wapi.

"Ni huyu?" Rispa akaniuliza.

"Ni huyu."

Alimtazama sana. Nilidhani atamlaani, na ningemwacha amlaani. Akamwambia, "Nibadilishe kituo. Niandike Sori, sasa sina cha kuficha. Na urudishe siku ya soko, kuna wengine."

Chacha hakungoja idhini tena. Alirudisha jedwali akiwa kwenye kiti cha wageni, kompyuta magotini, na barua ya onyo ya ofisi ilipokuja aliikunja akaiweka mfukoni. Rispa alihamishiwa kituo cha Sori mbele ya macho yetu. Akaanza dawa upya. Lakini kifua kilikuwa kimeshaharibika, kifua kikuu kilikuwa kimemtangulia, na daktari, mama mpole, alinivuta kando akaniambia nisimdanganye mgonjwa. Rispa alikufa asubuhi, mama yake akiwa amekwenda kununua uji.

Waliomfukuza akiwa hai walikuja kumdai akiwa maiti. Mahari ilikuwa imetolewa, basi kwa mila kaburi lake lilikuwa Magunga. Walimzika kwenye boma ambalo hangeweza kumeza kidonge waziwazi ndani yake. Mume alilia sana, na nadhani alilia kweli. Nilisimama nyuma na Chacha. Tulipokuwa tunaondoka aliniuliza, "Madam, ni mimi?"

Nikamwambia, "Yule mwanamume ndiye aliyemwaga dawa. Wewe ndiye uliyemwonyesha zilipo." Nilijuta palepale, na sijayarudisha maneno hayo.

Mtaniuliza sasa falsafa iko wapi. Sijui kama ninayo. Najua kwamba Chacha alifanya karibu kila kitu ambacho vitabu vyenu vinasifu. Alipunguza, alipima, aliangalia alichopima kikapanda. Hakuna mahali kompyuta ilipomlilia kwamba amekosea, kwa sababu kwa kompyuta hakuwa amekosea. Alisoma hata onyo langu, akaliona la zamani, kwa kuwa yeye na rafiki zake wote wana simu zao mfukoni. Mkitaka kujiboresha, siku moja kabla ya kufuta mstari msioupenda, nendeni mkakae mahali ujumbe wenu unakoangukia. Kaeni mpaka jua liiname, muone nani ananyoosha mkono.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo lililobaki.

Miezi michache baada ya matanga kwisha, mimi na Chacha tulikwenda Sori kumwona mama Rispa, na unga, sukari na majani ya chai kama inavyotakiwa. Tulichagua siku ya soko kwa sababu magari ni mengi. Mama alitukaribisha, akatupa viti, akatuuliza habari za safari. Hakutulaumu. Alikuwa akimwita Chacha *nyathina*, mwanangu. Tulikuwa tunangoja chai ichemke wakati simu ilipolia juu ya kabati.

Aliinuka akaichukua. Ilikuwa ile ndogo ya Rispa, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

"Hii simu yenu inalia kila mwezi, siku ya soko," akasema. "Mimi sijui kusoma. Mtoto wa jirani alinisomea. Anasema wanakumbusha siku."

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne. Ujumbe ulikuwa umefika kwa wakati wake, siku ya soko la Sori, siku ambayo simu huwa mkononi mwa mwenyewe. Hakuna karani aliyekuwa amemtoa Rispa, na programu yetu haimfuti mtu kwa kunyamaza. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

"Anasema mnataka jibu. Moja kama anakuja, mbili kama hawezi." Mama alituonyesha kioo, kwanza Chacha, kisha mimi. "Nimekuwa nikingoja mtu wa kuuliza. Sasa nifinye gani?"

Mimi, niliyetaka majibu mengi zamani, nilikumbuka kwamba hata katika yale niliyoyataka hili halikuwemo. Chai ikaanza kumwagika motoni, na hakuna aliyeinuka.

"Mbili ni ya mtu anakataa," mama akasema, kama anayejielezea mwenyewe. "Na Rispa hakukataa."

Akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akafinya moja.

Simu ikalia tena mkononi mwake, mara hiyo hiyo, kama tulivyoiandika. Akampa Chacha asome. Chacha alisoma kwa shida.

"Asante. Tunakungoja."

Mama akamwambia asome tena.